Wastaafu wa Tanga tusisubiri misiba ndipo tuonane

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie namna sisi wastaafu wa Jiji la Tanga tunavyoonana, au kwa usahihi zaidi, namna tunavyokosa kuonana. Wastaafu wenzangu huandika magazetini kuhusu mafao yanayochelewa, kuhusu kikokotoo, yaani hesabu inayotumika kupanga mafao hayo, na kuhusu uhakiki unaomlazimu mgonjwa kupanda magari mawili ili akathibitishe kuwa bado yu hai. Madai hayo ni ya haki na sina nia ya kuyapunguzia uzito. Hata hivyo, mstaafu ambaye pensheni yake imeingia benki kwa wakati anaweza kumaliza wiki nzima bila kuzungumza na mtu wa rika lake, na hilo hakuna mfuko wa hifadhi ya jamii utakaomtatulia. Pendekezo langu ni la kawaida kabisa: katika kila kata wawepo wastaafu wanaokula chakula cha mchana pamoja siku moja maalumu ya wiki, na mara mojamoja watoke pamoja kwenda kutembea.

Kwa watumishi wengi wa umma umri wa kustaafu ni miaka 55 kwa hiari na 60 kwa lazima, na mtu wa miaka 60 leo ana nguvu za kutosha kuishi miaka mingine ishirini. Tanga ina watu wa namna hiyo kwa wingi kutokana na historia yake. Reli ilianza kujengwa kutoka hapa mwaka 1893, mwaka uleule ambao mkonge uliletwa nchini, na tangu hapo mji huu ukawa mji wa mishahara: bandari, karakana, mashamba, kisha viwanda vya chuma, vya mbolea, na saruji ya Pongwe. Kazi hizo zilivuta watu kutoka Songea, Kigoma, Iringa na Burundi, wengi wao wakajenga Makorora, Nguvumali na Mikanjuni, na sasa wamebaki na nyumba zao huku watoto wakiwa Dar es Salaam. Wapo pia wa aina yangu, tuliozaliwa hapahapa tukapelekwa na kazi Tabora, Dodoma na Moshi, tukaishi katika nyumba za reli, tukarudi kwetu tukiwa wageni. Mfanyakazi wa kuhamahama rafiki zake hupangiwa na mwajiri: jirani yako ni yule mnayepokezana naye zamu, na mkeo anafahamiana na mke wake kwa sababu mnachota maji bomba moja. Siku unapokabidhi funguo za nyumba ya shirika, unawakabidhi na hao.

Najua jibu litakalotolewa haraka, kwamba sisi watu wa Pwani tuna mabaraza na vijiwe vya kahawa, na kwamba mzee wa Ngamiani hahitaji kuandaliwa mahali pa kukaa. Ni kweli kwa yule ambaye hakuondoka. Baraza la barabara ya kumi au ya kumi na tano lina wenyewe, waliocheza pamoja utotoni, na wanaomjua kila mtu kwa jina la babu yake. Aliyeondoka na miaka ishirini akarudi na sitini atakaribishwa, atamiminiwa kahawa na kupewa kashata, ila mazungumzo yatampita, kwa sababu nusu ya wanaotajwa hawajui na nusu nyingine aliwaacha wakiwa watoto. Tena baraza ni la wanaume. Wanawake wana vikoba, kwaya, dhikri, shughuli za arusi na vyama vya kuzikana, lakini muuguzi aliyefanya kazi za usiku miaka thelathini alikuwa akituma mchango na kuomba radhi. Leo amestaafu, ana muda, na akienda kwenye shughuli anaketi pembeni kama mgeni wa heshima.

Jibu la pili huwa ni familia. Wajukuu ni neema, na sitaki mtu anielewe vibaya. Hata hivyo, katika nyumba nyingi mstaafu amegeuka kuwa mlinzi wa mchana: anafungua geti, anapokea ankara ya maji, anamsubiri fundi, anamwogesha mtoto. Watu wa nyumbani wakirudi jioni wamechoka, wanamwamkia shikamoo kwa adabu zote, wanamuuliza kama amekula, kisha kila mmoja anainamia simu yake. Hakuna aliyemkosea. Kinachokosekana ni mtu wa kuzungumza naye mambo aliyoyaona yeye, mtu anayekumbuka treni ya abiria ya Moshi ilivyokuwa ikijaa wakati wa Krismasi, au aliyewahi kumwona Shakila akiimba taarabu na kundi la Black Star jukwaani.

Mahali pekee tunapokutana kwa uhakika ni misibani. Tuna kundi la simu la waliofanya kazi pamoja, na nathubutu kusema makundi mengi ya wastaafu yanafanana na letu: ukilifungua asubuhi unatafuta kwanza jina la marehemu, kisha unasoma mahali pa maziko na namba ya kutuma rambirambi. Tukishazika, chini ya mwembe, ndipo tunaposhikana mikono na kuulizana hali, na hakosekani mmoja wa kusema, "Jamani, tuonane basi hata pasipo na msiba." Tunaitikia inshallah, kila mtu anapanda bajaji yake, na tunaonana tena katika msiba unaofuata, tukiwa tumepungua.

Wapo wanaodhani kwamba upweke wa wazee ni ugonjwa wa Wazungu. Ni kweli kwamba wao ndio walioanza kuupa ofisi: Uingereza iliteua waziri wa kushughulikia upweke mwezi Januari mwaka 2018, na Japani ikafuata mwaka 2021. Lakini ripoti ya tume iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani, iliyotolewa mwaka 2025, inasema kwamba mtu mmoja kati ya kila sita duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba katika nchi zenye kipato cha chini wanaojisikia wapweke ni takriban asilimia 24, wakati katika nchi tajiri ni takriban asilimia 11. Takwimu hizo ni za watu wa rika zote na hazihusu wazee peke yao; hata hivyo zinatosha kuuondoa usemi wetu wa kwamba sisi tuna undugu na hivyo tumesalimika. Hukohuko Ulaya, katika mji wa Toulouse nchini Ufaransa, chuo kikuu kilianzisha mwaka 1973 masomo ya watu waliostaafu, na mpango huo ukaigwa katika nchi nyingi. Hatuhitaji kuanzia chuo kikuu. Tunaweza kuanzia sahani ya wali.

Hapa Chumbageni tulianza hivyo, wachache wa reli na bandari, baadaye wakaja walimu na wauguzi. Tulichagua Jumatano kwa kuondoa siku nyingine: Ijumaa ni ya sala, Jumapili ni ya kanisa, Jumamosi haikosi arusi, na mwanzo wa wiki wengi wana kliniki. Tunakutana saa saba na nusu, baada ya adhuhuri, na alasiri inapoadhiniwa kila mtu yuko huru kuondoka. Mahali ni kwa mama lishe ambaye tulimchagua kwa sababu mbili ambazo kijana asingezifikiria, nazo ni viti vya kuegemea mgongo na choo kisafi kilicho karibu. Chakula chake ni kizuri pia, lakini nakiri kwamba kama angekuwa na mabenchi tusingerudi mara ya pili.

Kuhusu chakula chenyewe palikuwa na mjadala mrefu. Wengi wetu tuna presha au kisukari, na muuguzi mmoja alitusomea hotuba juu ya chumvi, mafuta na ukubwa wa sahani. Tulikubaliana na mama lishe kwamba apunguze chumvi jikoni na aweke ndimu na pilipili mezani, sahani iwe na mchicha au tembele zaidi ya wali, na samaki wanaonunuliwa asubuhi katika soko la Deep Sea wapikwe mchuzi badala ya kukaangwa. Pendekezo la kuondoa tui la nazi lilikufa bila hata kupigiwa kura, ingawa lilikubaliwa liwe jepesi. Baada ya chakula ni machungwa ya Muheza yakiwa msimu, na mazungumzo. Hakuna ajenda. Mada zenyewe zinajulikana: timu zetu za mpira, Coastal Union na African Sports, bendi ipi ilikuwa bora kati ya Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, bei ya dawa, na uongo kidogo.

Jambo ambalo sikulitarajia ni faida kwa wanaume waliofiwa na wake zao. Mzee wa aina hii, kwa malezi ya enzi zetu, hajui kupika, anaona haya kumsumbua mkwe, na anaishi kwa chai na mkate mpaka jioni. Hawezi kukubali msaada wa chakula hata siku moja. Lakini akiambiwa ni siku ya wastaafu, anavaa kanzu yake au shati lililopigwa pasi, anakuja, anakula akashiba, na heshima yake iko palepale. Kwa sababu hiyo ninapinga kabisa chakula hiki kugeuzwa kuwa cha msaada. Kila mtu alipe sahani yake.

Swali la asiyeweza kulipa ni la haki, na ni gumu kuliko yote. Siungi mkono vikundi vya wastaafu wenye pensheni peke yao, kwa kuwa mvuvi aliyeacha kwenda baharini na kibarua wa mkonge aliyezeeka nao wamestaafu, ingawa hakuna aliyewaandikia barua ya kustaafu. Kule Zanzibar kila mzee aliyefikisha miaka 70 ameanza kupata pensheni ya serikali tangu mwaka 2016, awe aliajiriwa au la. Huku Bara bado hatujafika hapo. Utaratibu wetu ni kwamba mhazini anapitisha bahasha, kila mmoja anatia anachoweza, mwingine zaidi ya bei, mwingine pungufu, mwingine anagusa tu bahasha na kuipitisha, na mhazini mwenyewe hana njia ya kujua nani alitia nini. Mpaka sasa bahasha haijapungukiwa. Naamini ingepungukiwa kama tungeandika majina.

Nawasihi pia watakaoanzisha vikundi vyao wasivigeuze kuwa vikoba. Nasema hivi nikijua kwamba wengi watanipinga, kwa sababu siku hizi watu wawili hawawezi kuketi pamoja bila kuandika katiba na kufungua daftari la hisa. Kukopeshana kuna mahali pake. Kikundi cha chakula kikianza kukopesha, mwenye deni ndiye wa kwanza kuacha kuja, na mara nyingi ndiye aliyekuwa na haja kubwa zaidi ya kuja. Vivyo hivyo kwa wanasiasa: mgombea akitaka kula nasi, aketi, alipe sahani yake, azungumzie mpira. Tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, kuna hotuba, fulana na mgeni rasmi, na naiheshimu siku hiyo; lakini mzee hali chakula cha mchana mara moja kwa mwaka.

Faida kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni kiti kinachobaki wazi. Mtu asipoonekana Jumatano na hakutoa taarifa, anapigiwa simu mchana uleule, na asipopokea, wawili wanaokaa jirani naye wanapita kumtazama wakirudi nyumbani. Kwa njia hiyo mwenzetu mmoja alikutwa na homa kali, amelala peke yake, mwanawe akiwa safarini, na akafikishwa hospitali kabla hali haijawa mbaya. Mtu ambaye hatarajiwi popote, hakuna siku atakayokosekana.

Sasa kuhusu matembezi. Hapa tuna utajiri ambao watalii wanaulipia na sisi tunaupita ndani ya daladala. Nianze na tahadhari: wa kwanza kutajwa huwa Mapango ya Amboni, kwa kuwa yako karibu, kaskazini mwa jiji, na kila mtu ameyasikia. Kwa wazee wenye magoti mabovu siyapendekezi. Ndani ni giza, kuna sehemu za kupanda na sehemu za kupita umeinama, na mtu wa miaka sabini akikwama mle ni shughuli ya watu wanne. Wenye nguvu waende, wengine wakae nje kivulini wapige soga.

Upande wa kusini ndio wa kwetu. Ukifuata barabara ya Pangani unafika Machui, alikozikwa Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962. Tumezoea kumtaja kama mshairi na kusahau kwamba alikuwa karani wa serikali kwa zaidi ya miaka thelathini, akianzia forodhani mwaka 1926, yaani alikuwa mtu wa mshahara na uhamisho kama sisi. Makarani wastaafu waliosimama kaburini kwake walikuwa na mengi ya kusema juu ya hilo. Mbele zaidi ni Tongoni, penye magofu ya msikiti wa kale na makaburi ya nguzo, mahali tambarare, penye upepo wa bahari, ambapo hata mwenye fimbo anaweza kuzunguka taratibu. Maji ya bahari ya hapo, yaitwayo Mtangata, ndimo Vasco da Gama alimoichoma moto meli yake São Rafael mwaka 1499, akirudi kutoka Bara Hindi, kwa kuwa mabaharia waliobaki hawakutosha kuendesha meli zote. Mzee mmoja wa bandari alisikiliza habari hiyo akasema kwamba upungufu wa wafanyakazi ulianza zamani.

Safari kama hiyo inahitaji kosta moja ya kukodi, ambayo ikigawanywa kwa abiria waliojaa si ghali, kuondoka asubuhi mapema kabla ya jua kali, dawa za kila mtu mfukoni mwake, na maji ya kunywa. Inahitaji zaidi ya yote mpango wa choo. Hili halitajwi kwenye mikutano kwa sababu ya haya, lakini ndilo linalowabakiza wazee nyumbani. Mwanamume mwenye matatizo ya tezi dume na mama anayemeza vidonge vya presha vya kumfanya aende haja kila mara hawatapanda gari wasilojua litasimama wapi. Watasema wana wageni. Kikundi kinachotaka wazee watoke kimtume mtu mmoja siku moja kabla, akakague njia na vyoo, na siku ya safari itangazwe waziwazi kwamba gari litasimama mahali fulani na fulani.

Kwa sababu hiyo, ombi langu kwa viongozi wa mitaa na madiwani wetu si fedha. Kwanza naomba vyoo vya umma vinavyofunguliwa mchana kutwa katika maeneo ya wazi ya pwani na penye mabustani, na mabenchi yenye egemeo, yawekwe kivulini. Naomba pia kumbi za shule na za kata zisizotumika mchana zikubaliwe kwa vikundi hivi bila barua za ngazi tano. Mabaraza ya Wazee yaliyoko mitaani, ambayo hukumbukwa zaidi wakati wa ziara za viongozi, yaorodheshe wazee ambao hawatoki kabisa, ili kikundi cha jirani kijue nani wa kumfuata na bajaji. Na makondakta wa daladala, ambao wengi ni wajukuu zetu kwa umri, wasubiri mguu wa pili uingie ndani ndipo wagonge bodi.

Limebaki jambo moja ambalo hatujalimaliza, nalo ndilo ningependa wasomaji watusaidie. Mwezi wa Ramadhani tunafunga wengi, na Wakristo wenzetu, kwa heshima, wanakataa kula mbele yetu, hivyo Jumatano inalala. Tulijaribu kuhamishia futari jioni, lakini wazee wengi hawaoni vizuri gizani na familia haziwaruhusu kupanda bodaboda usiku. Tulijaribu pia kukutana mchana kwa mazungumzo bila chakula, waliofunga wakasinzia. Mwezi mzima bila kuonana ni mrefu kwetu, na mwaka huu tulipoteza wawili waliozoea kuja, ambao baada ya Idi hawakurudi tena kwa sababu walishazoea kukaa ndani. Kama wastaafu wa Pangani, Bagamoyo, Unguja au kwingineko wana kikundi kama hiki na wamepata njia ya kukiendesha katika Ramadhani, nawaomba waandike katika ukurasa huu, wataje na saa wanazokutana na namna wanavyorudishana nyumbani.

Wako,
Mstaafu wa reli,
Chumbageni, Tanga